Kwa Baba Masanja, Msoma Tope la Bahari

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukulaze shambani kwako Kisarawe, na Mama bado anaamka amechoka vilevile alivyolala.

Ulikuwa mpole, mtu wa kucheka taratibu. Kuogelea hukujua, lakini ulitulea kwa kazi ya kuchimbua sakafu ya bahari. Wewe na wenzako mlizamisha mabomba, mkayatoa yamejaa tope, nawe ukalisoma kutoka juu kwenda chini. Ulituambia tope laini hutuama kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ukikuta katikati yake mchanga mzito na vipande vya matumbawe, basi huenda zamani tsunami ilipita hapo. Hata ndoo ya maji ya kisima uliichungulia kwanza kabla hujaoga. Mama alikutania kwamba ungepata tope la kuoa, yeye asingeolewa.

Bomba la mwisho ulilileta nyumbani Maili Moja, ulipeleke maabara Jumatatu. Ulisema lina ule mchanga uliousaka tangu mwanao Holo hajazaliwa. Ukalilaza chini ya kitanda, ukakataza lisitikiswe. Jumatatu hukuiona.

Baba mdogo Gideon alifika kutoka Magu akiwa na uchungu kwamba hatukurudishi kwenu. Alipoona tope lile la kijivu, lenye makombe, limefungwa vizuri hivyo, alilia. "Kumbe kaka alijiwekea udongo wa ziwani kwetu azikwe nao," alisema. Kaburini akalimimina lote, nasi kwa msiba ule hatukutambua kuwa ni lile la bomba lako. Tulitambua wenzako walipokuja kuliulizia. Dada Stellamaris wa ofisini kwenu alisema likishachanganyika halisomeki tena.

Tangu aliposikia, Baba mdogo hapokei simu. Arobaini hakuja. Ndugu wanamsema, na Mama amechoka kuwasikiliza. Juzi aliwakatisha. "Mume wangu amezikwa na kazi yake. Mwambieni shemeji aje, mimi simdai kitu."

Ibada itakuwa Jumamosi hii, hapo hapo kaburini, na chakula kitaliwa nyumbani Maili Moja, Kibaha.

Unakumbukwa na mdogo wako Gideon, kisha mkeo Loyce, na wanao Holo na Eliya. Mama ndiye aliyepanga majina hivi.

Daima utakumbukwa, Baba, na sisi sote.