Mwenye Kifaa

Jumatatu, 4 Machi

Dada kasimamishwa kazi! Nimeambiwa na shemeji kwa simu, mchana. Majibu ya damu ya wagonjwa wawili yamebadilishana kule maabara kwake. Bibi mmoja kapewa dawa isiyo yake, sasa kalazwa. Wanasema Dada kachanganya vichupa.

Dada achanganye vichupa? Huyu anayepanga hata vijiko vya nyumbani kwa ukubwa? Shemeji anasema aliwaambia wakubwa wa maabara haiwezekani, wakamjibu, kwa hiyo mashine ndiyo imekosea? Wakacheka.

Mashine ni ya kampuni yetu. Na kiini cha mfumo wake, ile sehemu ya chini kabisa inayoamua programu ipi iguse kifaa kipi, nimekiandika mimi. Dada ndiye aliyeipigia debe hadi wakubwa zake wakaikubali. Anaiita mtoto wangu. "Mimi shangazi yake," huwatania wenzake, "msimguse ovyo."

Na mimi nilicheka kwenye simu. Sijui nilicheka nini.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimepita kwake. Anafua mapazia — mapazia masafi! Hajalia mbele yangu. Anasema siku ile kazi ilikuwa nyingi, huenda kweli mkono ulipitiwa. Nikamwambia apumzike. Maneno gani hayo, apumzike.

Kisha akasema, kwa kupitia tu, kwamba kioo cha mashine kilizima katikati ya kupima, kikajiwasha chenyewe. Akaendelea, maana mashine haikulalamika.

Nikamuuliza mara mbili, katikati kabisa? Nimekunywa chai yake nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata. Heri nisingetafuta.

Ni hivi. Programu inayopima damu hufungua faili la kifaa, yaani njia ya kuongea na sehemu inayopima. Kiini kinaweka alama: faili hili ndilo mwenye kifaa, wengine kando. Likifungwa, kifaa kinaachiliwa, anaingia mwingine. Sawa. Ila programu ya kioo nayo hufungua faili lake kwenye kifaa kilekile, kuchungulia joto tu. Haina umiliki wowote. Kioo kilipozima, faili lake likafungwa — na kiini changu kikaachilia kifaa! Hakikuuliza: wewe unayefunga, ndiye mwenyewe? Ni choo cha nyumba ya kupanga: mtu yuko ndani, mpita njia anafungua komeo. Programu ya mgonjwa wa pili ikaingia ikachukua majibu ya wa kwanza, na wa kwanza akaishia na ya wa pili. Bibi wa watu!

Nimejaribu hapa mezani kwa maji ya rangi. Nikazima kioo katikati. Majibu yakabadilishana. Nikarudia nikiomba yasibadilishane. Wapi!

Na swali hilo lilikuwepo. Mstari mmoja wa programu. Niliufuta mwenyewe wiki ya maonyesho: programu ilikuwa inaganda, inang'ang'ania kifaa, wageni wako mlangoni. Nikasema yeyote akifunga, kiachiliwe, nitarekebisha baadaye. Profesa — mwenzangu wa meza ya pili, tumempa jina hilo kwa maswali yake — aliniuliza, una uhakika na hapa? Nikamjibu mbele ya watu akafungue shule yake. Ofisi nzima ikacheka. Naye akayapitisha mabadiliko yangu vilevile.

Naona aibu hata kuiandika hapa, mahali asiposoma mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia bosi. Akainuka kufunga mlango kwanza. Kisha, kwa upole kabisa: tutarekebisha, apdeti itakwenda mwisho wa mwezi pamoja na mambo mengine, hakuna haja ya kutangaza. Nikasema, na dada yangu? Akasema atapewa onyo tu, yatapita.

Nikaitikia. Ndiyo, bosi. Mtu mzima na ndevu zangu!

Mashine ile inapima damu za watu leo hii, sasa hivi naandika. Kioo kikizima tena je? Profesa aliniangalia nilipotoka mle. Bora angenitukana.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa Dada. Katangaza mezani: kesho mbele ya kamati ya nidhamu ya kazini kwake atakubali kosa, yaishe. Shemeji akaja juu — kwa nini usidai mashine ichunguzwe? Dada akamkata:

"Ile mashine kaifanya huyu. Huyu nimemfundisha mimi kufunga viatu, namjua. Hafanyi kitu nusunusu."

Shemeji akanigeukia. "Haya fundi, unasemaje?"

Mdomo umejaa chakula. Nikatafuna weee, kisha nikasema tuiachie kamati. Kamati! Mimi huyu!

Dada kaniomba niende naye. Wakiuliza habari za mashine niwaambie ni nzima, wasije wakaiondoa kwa sababu yake. Yeye ndiye ananilinda mimi! Nikasema sawa.

Shemeji alinisindikiza hadi getini. Anasema Dada akikiri tu, leseni yake ya kazi inakwenda. Hakuna cha onyo. Nikamwambia Mungu mkubwa, nikatembea haraka. Nimejichukia njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, goti ndiyo meza. Dada yuko ndani. Bosi kapiga, sikupokea. Katuma ujumbe: kumbuka tulivyokubaliana.

Nina sentensi kichwani. Inaanza na samahani halafu inaharibika. Samahani, kiini hakikuuliza nani mwenye — hapana. Samahani, niliufuta mstari — nani ataelewa mstari? Samahani, ni mimi. Hiyo fupi. Hiyo haitoki kabisa.

Mlango wao haufungi sawasawa. Namsikia. "Mashine msiisingizie. Ni mikono yangu." Kwa sauti ileile anayoagizia vitu dukani. Ee Mungu wangu.

Mtu anamuuliza kama ana uhakika. Anasema anao.

Katoka. Macho mekundu, kajipangusa. Ananiinamia, ananiweka sawa kola ya shati mbele ya karani. Wanakuita, anasema, usiogope, ni watu wazuri. Anauliza mbona huinuki, kwani wewe ndiye umesimamishwa kazi? Anacheka kidogo.

Nimemwambia Dada, subiri, kaa kwanza hapa, nikuambie ukweli wa ile mashine.

Karani anaita tena, fundi wa mashine aingie. Nimemwonyesha mkono angoje.

Dada amekaa. Ananitazama na kalamu yangu hii, bado anatabasamu