Nimeshindwa Kumvusha Mbuzi

Mdogo wangu Gasper,

Kaa chini kwanza: kuku wangu mweusi ametaga. Baada ya hilo zito, sikia nilivyodhalilishwa Mbozi nilipokwenda kukuposea Brenda.

Shangazi yake alinipa chemsha bongo, mimi mwalimu wa hesabu! Nivushe chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi, kimoja kimoja, kisiliwe kitu. "Asiyeweza kuvusha mbuzi, atamvushaje binti yetu mpaka Zambia, kwa mdogo wake huko Kitwe?" Huo ni uungwana kweli?

Haya, ukweli wenyewe: nilianza na chui, mbuzi akala majani. Nyumba nzima ikacheka. Aliyeniokoa ni Brenda, kutoka jikoni: "Shemeji, anza na mbuzi! Ukishamvusha chui, rudi na mbuzi, umwache, uvushe majani, kisha umfuate. Na mpakani Tunduma nitavuka mwenyewe, kwa miguu yangu."

Shangazi akaipokea barua ya posa.

Kaka yako,
Ezron