Gari la Kopo Lililonipeleka Gereji

Mpwa wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mikumi hakuna basi linalopita bila kunipigia honi mimi mjomba wako. Hata tembo wa mbugani wananifahamu. Mke wangu anakusalimu.

Unauliza magurudumu ya kandambili yanashikwaje yasichomoke kwenye gari la kopo unalomtengenezea mwanao.

Basi, enzi zile magari ya plastiki yameanza kujaa madukani Kimamba, nyumbani kwetu likatokea gari la kopo la mafuta ya kula lililoyashinda yote. Babu yako akaliinua: "Nani kaunda hili?"

Nikawahi: "Mimi, baba!"

Mama yako alikuwa kando, kisu mkononi, vipande vya kandambili miguuni pake.

"Huyu fundi," babu yako akasema. "Nampeleka gereji Mikumi."

Dada akaniangalia, akasema tu, "Haya, fundi, nenda."

Nikaenda. Yeye akabaki na jembe.

Tangu hapo kila mgeni nimemsimulia gari langu, na kila mwaka linazidi kuwa kubwa. Ila magurudumu, Neema, sijui yalishikwaje. Muulize mama yako. Mwambie nimekutuma mimi, maana mwenyewe naona aibu.

Mjomba wako,
Ezekieli