Gunia Lililoandikwa Chumvi

Mjukuu wangu Skola,

Shikamoo zako zote nimezipokea. Marahaba. Sasa acha kunitumia salamu kama mtu anayemwagia kuku mtama na kukimbia. Kila barua unaniuliza mvua na miguu yangu. Mvua inanyesha, miguu ipo. Leo nina jambo, na barua hii siibandiki. Anayetaka kuisoma njiani aisome.

Nimeiandika mwenyewe. Ukiona herufi zinapanda mlima usicheke. Wewe umesoma mpaka unawafundisha kemia watoto wa watu huko uliko; mimi nilisoma kisomo cha watu wazima miezi michache, nikapewa cheti mbele ya kijiji kizima, mwanamke wa kwanza. Cheti hicho ndicho kilichotufikisha hapa.

Unakumbuka tulivyotolewa vilimani, kila mtu akaacha ngolo zake, yale mashimo ya shamba tuliyochimba mteremkoni kwa mikono yetu, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mlango wangu ukatazamana na mlango wa wifi yangu Agata, dada wa babu yako. Yeye alishuka wa mwisho, baada ya paa lake kuezuliwa. Mimi nilishuka mapema, tena nikiimba, nikachaguliwa mkuu wa wapishi wa shamba la kijiji. Nilijiona sana. Ulinijua.

Siku ya palizi wewe ulikuwa shuleni. Chumvi ilikuwa imeadimika wiki nyingi. Mwuza duka alikwenda Mbinga mjini akaniachia ufunguo wa stoo. Nikaingia, nikaona gunia limeandikwa kwa rangi nyeusi. Nikasoma: chu-m-vi. Skola, hilo ndilo neno la kwanza nililolisoma peke yangu nje ya darasa. Nilisimama pale nikalisoma mara ya pili. Tangu nianze kupika sikuwa nimewahi kutia kitu chunguni bila kukiweka kwanza ulimini. Siku ile niliona aibu kulamba kitu ambacho nimeshakisoma.

Maharage yakawa machungu. Watu wakala hivyo hivyo kwa njaa ya jembe, na kabla jua halijageuka walikuwa wanatapika kwenye matuta. Mzee mmoja alibebwa kwa machela mpaka zahanati. Hakufa mtu, lakini mkosaji akatafutwa. Aliyekuwa na mwiko mkononi ni Agata, akikoroga kama nilivyomwamuru. Wakasema ana kinyongo cha paa lake, ametuwekea dawa.

Nilipokwenda kurudisha ufunguo nikaona mfuko wa mbolea ya kahawa umechanika, mtupu, umekunjwa nyuma ya gunia lile. Nikaelewa nusu. Nusu nyingine nilikataa kuielewa.

Ukaja likizo, ukafungua kitambaa nilichofungia chumvi iliyobaki ya gunia lile. "Bibi, hii si chumvi."

"Mke mwenzangu," nikakwambia, "umeolewa na babu yako jana, leo unanifundisha chumvi?"

"Babu amelalamika hujui kupika, ndiyo maana akanioa."

Tulicheka, lakini mkono wako haukuacha. Ukaweka punje za chumvi yangu ya zamani kwenye kaa la moto. Zikapasuka-pasuka na moto ukawa wa manjano. Ukaweka za kitambaani kwenye kaa jingine. Moshi mweupe tu. Ukachukua maji ya majivu ninayopikia mboga, ukayachanganya na punje hizo kwenye kopo, ukapasha moto, ukasema ninuse kwa mbali, nijipungie kwa mkono. Mimi nikaingiza pua yote. Machozi yalinitoka. Harufu ya mkojo uliolala, kali kuliko zizi la mbuzi. Siku ya palizi maharage yalikuwa mapya, hatukutia majivu, ndiyo maana chungu hakikutoa harufu hiyo.

"Chumvi usiyoijua unaihoji, Bibi," ulisema. "Swali moja, jibu moja. Hapa imejibu nusu yake, amonia. Nusu ya pili itajibu shuleni."

Ikajibu. Mwalimu wako alidondosha dawa, maji yakawa meupe kama maziwa. Akatia asidi, weupe ukagoma kuondoka. Salfeti. Uliomba ruhusa, ukaja kwa miguu na karatasi yenye majina yote mawili, siku moja kabla ya mkutano wa kumjadili Agata. Amonia na salfeti. Mbolea ya ule mfuko uliochanika, imehamishiwa kwenye gunia la chumvi.

Nami nikakwambia, "Ukiisoma karatasi hiyo mbele ya watu, huna bibi." Nilikudanganya kwamba nitaitwa mhujumu na kufungwa. Jela niliiogopa kidogo tu. Sikutaka waseme yule mwenye cheti hajui kusoma. Na nilisoma sawasawa, hilo ndilo linaloniuma. Gunia lilisema uongo, mimi nikaendelea kuusema.

Ulikaa mkutanoni kimya, umeinamisha kichwa. Agata akaambiwa ahame. Akaenda Chiwanda kwa binti yake, na mkeka na jembe. Alipopita kwangu alisema tu, "Wifi, chungu chako kimebaki kwangu, kachukue." Sijakichukua. Wewe ukasema huwezi kulala nyumba inayotazamana na mlango ule, ukaenda zako. Niliyebaki kuutazama ni mimi. Kilimani siwezi kurudi, ngolo zimeota msitu. Nikitoka nje, shikamoo kila upande, mama mkuu wa wapishi. Kila marahaba naitoa nikiutazama mlango ule.

Sasa Agata ni mgonjwa. Ametuma neno kwa wauza dagaa wanaotoka huko Chiwanda kwamba anataka kufia kwao. Mwenyekiti wa kijiji amekataa, anasema kijiji hakijasahau.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikasimama. Nikasema chumvi niliitia mimi, Agata hana kosa. Unajua walifanya nini? Walinihurumia. Mwenyekiti akasema, "Mnaona moyo wa mama huyu? Anajitwika kosa la wifi yake." Nikasema ilikuwa mbolea, amonia na salfeti, nikayataja yote mawili bila kukosea. Wakacheka. "Bibi ameanza kuota Kizungu." Wakanipigia makofi, Skola. Nilirudi nyumbani nimeheshimika kuliko nilivyotoka.

Hawaniamini, na nimekosa mlango wa kutokea. Miaka yote hii nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa ndani. Sasa nagonga, walio nje wanadhani naimba.

Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, na mimi naufungua. Nilikuwa na makosa, wewe ulikuwa na haki, sitaandika hivyo mara mbili. Shule ikifungwa, panda gari uje na dawa zako. Usinunue kanga wala sukari. Wewe watakusikiliza, wewe ni mwalimu. Watakaponigeukia usinitetee, wakinitemea mate ni yangu. Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, sawa, njoo kwa ajili ya Agata. Yeye hakukutishia kamwe.

Ukishuka kwenye gari usipite kwangu kwanza. Pita kwa mwenyekiti. Na fanya haraka, wauza dagaa wanasema Agata hanywi tena hata uji.

Naishia hapa, mkono umechoka.

Ni mimi bibi yako,
mama wa baba yako.