Siku Tuliyopungiana Juu ya Maji

Mpanda, Kashaulili

Mwadila, mayu, mama yangu?

Naandika huku nakuona umekaa kibarazani kwetu Maswa, unachambua choroko, umenyoosha miguu juani. Magoti yanasemaje? Baba mdogo aliniambia, kabla ya mvua hizi, kwamba uliamka vibaya. Je, unakula vizuri? Sisi huku wote ni wazima: mimi, Shija mume wangu, na mjukuu wako Kabula. Hilo nalitanguliza kwa sababu najua simu yetu ilipokatika ilikuachia neno moja tu sikioni, "maji", na tangu hapo usingizi wako haujakaa sawa. Simu yenyewe ilizama, mayu. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisani kwetu anayesafiri kwenda huko kumwona binti yake aliyejifungua. Mwambie dada akusomee taratibu, asiruke mahali. Mwisho wake ni mzuri.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa bondeni, karibu na kijito kinachopita nyuma ya maduka. Kiangazi ukikiona utacheka, mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Ndiyo maana watu wamejenga hadi ukingoni kwa tofali mbichi, na mitaro imejaa chupa na mifuko. Lakini wenyeji wanasema kile ni mto, umelala tu.

Mjumbe wetu, Mama Zubeda, yule muuza maandazi niliyewahi kukusimulia, aliogopa usingizi huo. Alipotoka kwenye semina ya maafa pale ofisi ya mtaa, alituita sote, kiangazi kikiwa bado kikali. Akatundika kipande cha reli kwenye nguzo mbele ya genge lake. Kikigongwa polepole, funga vitu vyako. Kikigongwa mfululizo, acha kila kitu, panda kanisani kwenye mwinuko. Kila mwenye nguvu akapewa jirani asiye na nguvu. Na kama watoto wako shuleni, ng'ambo ya kijito, mzazi asiwafuate. Shule iko juu, walimu watakaa nao. Tukafanya mazoezi kwenye jua, vumbi linatimka, na vijana wa bodaboda wanatucheka.

"Nyie akina mama, mnakimbia jua?"

Mimi nilipewa Bibi Anastazia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku, mjane, na mguu wake mmoja haukanyagi vizuri. Siku ya mazoezi alikataa kata kata kutoka. "Mkinibeba leo bure, siku ya kweli mtakuwa mmechoka," alisema, akaendelea kupepeta mchele wake.

Siku ya kweli ilianza kimya kimya. Mvua ilishuka tangu alfajiri bila radi, bila upepo, kama mtu anayemwaga maji huku anawaza mambo mengine. Shija alikuwa Kasekese shambani. Nilimfunga Kabula mfuko wa nailoni kichwani, akashika kidumu chake cha njano cha maji ya shule, akavuka daraja dogo akigeuka-geuka kunitazama. Nikarudi ndani. Mchana ukawa na rangi ya jioni. Nilikaa mlangoni nikisikiliza bati, mayu, na ile sauti ikanichukua mbali sana, nikawa kama nimelala macho wazi, niko mtoto, niko nawe kwenye majaruba yetu ya mpunga.

Reli ndiyo iliyonirudisha. Iligongwa polepole. Nilikuwa bado nakunja nguo ilipobadilika, ikalia mfululizo bila kupumzika. Nikatoka. Maji yalikuwa tayari uani, hayakuja kwa kishindo kama nilivyokuwa nawaza. Yalikuja laini, ya rangi ya chai ya maziwa, yakauzunguka mguu wangu kana kwamba yananisalimu. Hapo ndipo nilipokupigia, na simu ikaniponyoka majini.

Mayu, sikumkumbuka Bibi, wala mazoezi. Nilikimbilia darajani. Tulikuwa akina mama wengi, kila mmoja analitaja jina la mtoto wake. Maji yalikuwa yanalamba mbao. Mama Zubeda alikuwa amesimama mbele yetu, mikono kaitanua, baibui limemganda mwilini.

"Hapiti mtu!" alisema. "Watoto wako juu. Walimu wako nao. Si tulikubaliana?"

"Mtoto wako wewe si yuko Tabora!" nikamjibu. Nilimjibu hivyo, mtu mzima.

Hakukasirika. "Milembe, Kabula ana mwalimu. Bibi Anastazia ana nani?"

Sijawahi kufanya jambo zito kama kuligeuzia daraja lile mgongo. Miguu ilirudi, moyo ukabaki pale. Mama Zubeda alimwachia kijana mmoja wa bodaboda nafasi yake, mmoja wa wale waliotucheka, akanifuata.

Tulimkuta Bibi amekaa kitandani, maji yako chini ya kitanda, yeye anaongea na kuku wake aliyekuwa anaatamia kwenye kikapu.

"Bibi, twende."

"Mto huu nimeukuta mimi kabla yenu. Hauna neno na mimi."

"Bibi, utakufa humu!"

"Na huyu nimwache na mayai yake? Vifaranga wanakaribia kutoka, nimewasikia."

Hapo hata sikujua nicheke au nilie. Nilichukua beseni, nikamweka kuku pamoja na kikapu chake ndani, nikampakatisha Bibi. "Haya, sasa mnaenda wote." Akakubali, akalikumbatia beseni. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, Mama Zubeda akashika huku, mimi huku, tukatoka naye maji yakitufika magotini. Ungemwona, mayu! Amekaa wima kwenye mvua, kanga imemfunika kichwa, beseni mapajani, kama mfalme anayepelekwa kusimikwa. Sufuria za watu zilikuwa zinaelea pembeni yetu polepole, na ndala moja, na godoro. Nilisikia pumzi yetu tu na kuku akilalamika kwa sauti ya chini.

Tukiwa tunaanza kupanda, nyuma kukatokea mlio kama mtu anayevunja kuni kubwa. Nikageuka. Mama mmoja alikuwa ameshaweka mguu darajani, yule kijana akamvuta kwa kitenge, wakaanguka wote wawili matopeni. Daraja likaondoka. Mayu, halikuanguka, liliondoka tu, likashika njia likaenda zake.

Pale kanisani unaona mpaka ng'ambo. Nilimweka Bibi barazani, nikasimama ukingoni mwa ua, nikatazama uwanja wa shule. Watoto walikuwa wengi, wadogo sana kwa mbali, wote rangi moja kwa kulowa. Nilitafuta. Macho yaliniuma. Kisha kwenye kundi lile kitu cha njano kikainuka juu ya vichwa, kikashuka, kikainuka tena.

Kidumu, mayu. Kidumu cha Kabula.

Nikavua kitenge nikakipunga. Yeye akainua kidumu. Nikapunga, akainua. Kuita haikuwezekana, maji yalimeza kila sauti. Tukabaki hivyo alasiri nzima, mimi upande huu, yeye upande ule, na katikati yetu mto ule mpana unapita bila kutujali. Akina mama wengine wakaja wakasimama nami, wakapunga mitandio, vilemba, mwingine mwavuli. Na watoto nao wakaanza kupunga. Mvua ikapungua, jua likatoboa, maji yote yakawaka. Niliiona nyumba yetu ikipiga magoti taratibu, bati likalala juu ya maji. Niliona nikasema, "Nyumba yetu ile," kama ninayemwonesha mgeni, nikaendelea kupunga.

Jioni maji yalishuka. Walimu waliwazungusha watoto kwa barabara ya juu yenye daraja kubwa, wakawaleta wameshikana mikono. Kabula alikuja anatetemeka, akaniambia, "Mama, nilikuwa nakuona mdogo kama punje ya mtama." Ndipo nikalia. Mtaani kwetu hakufa mtu, mayu. Watu walihesabiwa wote, na wote walikuwepo.

Shija alifika kesho yake kutoka Kasekese, ana matope mpaka kiunoni. Alisimama pale ilipokuwa nyumba akauliza, "Mlango ulikuwa wapi?" Nilimwonesha kwa mkono. Akakaa chini, akamvuta Kabula kifuani.

Sasa tunakaa kwenye chumba cha dada mmoja wa kwaya, na mtaa umegawana siku za kuzibua mitaro. Hata wale vijana wa pikipiki wanakuja na makoleo. Tumeoneshwa sehemu ya kujenga kwenye mwinuko, njia ya kwenda Magamba, na safari hii tunachoma tofali. Bibi Anastazia tumemchukua, na vifaranga wake walitoka.

Najua dada akifika hapa utasema, "Basi arudi nyumbani." Mayu, nitakuja kukuona, lakini sihami. Nisalimie baba mdogo kule kwenye ng'ombe, shangazi anayesuka mikeka, na wifi yangu mwenye mapacha. Dada anayekusomea, asante, sasa msogelee mama sikioni.

Mayu, Bibi ndiye aliyejua kabla yangu. Alinikuta nimesinzia mchana nikichambua dagaa, akanitazama, akasema, "Wewe hulali peke yako." Nilikwenda hospitali, ni kweli. Mama Zubeda amesema mvua zijazo sitambeba mtu, mimi ndiye nitakayebebwa. Akiwa wa kike ataitwa jina lako.

Ni mimi mwanao unayemwombea,
Milembe