Beji ya Yaya Okito

Mikelenge, Kindu
Jumapili mchana

Yaya wangu mpendwa Okito, kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Uko namna gani huko Kampene? Kifua kile cha vumbi la shimoni kimepona, ama bado unakohoa na kujidai ni baridi? Shemeji Hélène na watoto wanaendeleaje? Sisi hapa tuko wazima, Mungu anatusimamia. Mume wangu Kassim alishikwa na malaria lakini imekwisha, sasa anakula kwa watu wawili. Mihogo niliyopanda nyuma ya nyumba imeota mpaka majirani wananiuliza dawa. Mama anakulaumu kwa ukimya wako, ila anakulaumu akicheka.

Yaya, mkono wangu unakimbia kuliko akili, unisamehe mwandiko. Ningekupigia telefone, lakini huko machimboni kwenu rezo haipandi, na hata ingepanda, hii si habari ya kukatikakatika. Tafuta pahali ukae. Usiruke mistari.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ni shefu anayeongoza wasichana katika kikosi chetu cha skauti, kile kile chako cha ujana. Basi mwaka huu wakubwa wetu wamefungua ukurasa kwenye intaneti, ambapo kila kikosi kinaandika watu wake: nani alitoa ahadi, nani alipata beji ya kuogelea, ya upishi, ya huduma ya kwanza, nani alipewa nishani na kwa sababu gani. Ukishaandikwa umeandikwa. Mchwa hawali, mvua hailowanishi, na mtu akiwa Kisangani ama Ulaya anakuona. Jina la Divine lilipotokea kwenye telefone, wa kwanza kati ya wasichana wangu, na beji yake ya upishi kando, walipiga vigelegele pale shuleni tunapokutania mpaka mwalimu wa darasa la pili akatoka kuuliza nani anaolewa.

Anayeandika ni Bibiche. Wewe humjui. Ni msichana mkubwa, amemaliza masomo ya informatiki hapa hapa Kindu, mwepesi wa kucheka na mwenye bidii ya ajabu. Rezo ikigoma shuleni, anaifunga kompyuta yake ndani ya kitenge na kuibeba mpaka bandarini, anakaa juu ya magunia ya mchele yanayongoja boti, na kazi inaendelea. Wapagazi wamemzoea, wanampa nafasi penye kivuli.

Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini tuandike watoto wa leo peke yao. Tukaomba, tukaruhusiwa kuwaingiza na wa zamani. Lakini kwa kuwa karatasi zote za kikosi zilipotea wakati wa vita, kila mtu wa zamani alipaswa kuletewa mashahidi wawili walioona kazi yake kwa macho. Ee yaya, mji uliamka! Baba Édouard, yule fundi wa redio, alikuja na skafu shingoni, imefifia kama kitambaa cha kusugulia sufuria, akidai beji ya kuogelea. Shahidi wake mwenyewe akasema anachokumbuka ni kumvuta Édouard kutoka mto Lualaba kwa nywele. Tulicheka mpaka machozi. Mwishowe tulimwandikia ya upishi.

Mimi nilitoa jina lako. Nilikumbuka tu kwamba ulisomea huduma ya kwanza, na kwamba ulitaka uwe muuguzi. Mardochée, rafiki yako wa zamani, ambaye leo ni shefu mkuu wa kikosi, alisema ulifaulu mtihani kabisa, ila vita ilifika kabla ya beji. Akawa shahidi wa kwanza. Nilipomuuliza nani mwingine aliyeona kazi yako, akatusimulia jambo ambalo wewe hukuwahi kunisimulia.

Alisema ilikuwa mwaka ule wa elfu mbili na mbili, mji umefungwa, watu hawafiki hata mashambani kwao. Risasi zilianza asubuhi, na watu wa karibu na stesheni wakajificha ndani ya behewa la mizigo, wewe na yeye mkiwamo. Humo ndani mwanamke mmoja akashikwa na uchungu. Watu wazima waligeuza nyuso. Wewe ulinawa mikono kwa maji ya kunywa, ukampokea mtoto wake. Mtoto hakulia. Ukamsafisha mdomo, ukampulizia pumzi, mara watu wenye bunduki wakafungua mlango wa upande mwingine wakitafuta vijana wa kiume. Mardochée alikuvuta kwa shati mkaruka mkakimbia. Mlipopita tena pale baadaye, mliona kaburi dogo kando ya reli. Alisema tangu hapo hukutaka tena kusikia habari ya skauti wala ya uuguzi, na kwamba ulipokwenda kuchimba ulimwambia mikono yako ni ya kushika beleshi tu.

Yaya, nilikuwa mtoto mdogo wakati ule. Nilidhani ulituacha kwa kutafuta pesa. Siku ile nililia mbele ya wasichana wangu na sikuona haya.

Bibiche aliandika masimulizi yote, na chini yake akaweka ombi: yeyote aliyekuwa ndani ya behewa lile ajitokeze. Jioni akawasomea nyumbani kwao, kama anavyofanya kila siku, maana mama yake anapenda habari. Mama yake huyo, Mama Christelle, alikuwa anatwanga majani ya sombe. Bibiche anasema mchi ulisimama.

Kesho yake mama huyo alifika shuleni kabla hatujafungua mlango. Alimuuliza Mardochée kama kijana yule alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Nikamkaribia, kwa sababu kovu lako la taa ya mafuta hatukuliandika mahali popote. Akaendelea kwamba kijana alikuwa akirudia bila kuchoka, pardon mama, pardon mama. “Alikuwa ananiomba pardon,” alisema, “kama vile njo yeye, ndiye alinipa ile mimba!” Tukacheka sote, na yeye akacheka, halafu akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Nikamuuliza kwa woga kuhusu mtoto.

Akasema, “Mutoto hakufa.”

Mlipokimbia, bibi mmoja alimchukua yule mtoto, akamgeuza, akamsugua mgongo, na mtoto akapiga chafya, kisha akalia mpaka wakamfunika mdomo ili wasisikike. Bibi alisema njia ya pumzi ilikuwa tayari imefunguliwa na kijana. Yeye amemalizia tu. Usiku ule wakatoka mjini, wakatembea hadi Kibombo, na hawakurudi mpaka amani ilipokuja. Kaburi mliloliona lilikuwa la mwingine. Siku zile watoto waliozikwa hawakuwa mmoja. Na kwa sababu baba wa mtoto aliuawa wiki ile ile, Mama Christelle hakupenda kuzungumzia safari ile. Binti yake alijua tu kwamba alizaliwa njiani.

Kisha akaweka mkono begani kwa Bibiche, akasema, “Njo huyu.”

Ndiyo, yaya. Ni Bibiche. Msichana aliyeandika jina lako alikuwa wa kwanza kupita mikononi mwako.

Sasa nikwambie nililofanya bila ruhusa yako. Jina lako lipo kwenye ukurasa: Okito, kikosi cha Mikelenge, beji ya huduma ya kwanza. Palipohitajika jina la mtahini, Mama Christelle alisema aandikwe yeye, hakuna aliyemtahini Okito kuliko yeye. Rezo iligoma shuleni, kwa hiyo Bibiche aliandika bandarini juu ya magunia yake, nasi tukasimama kwa saluti hapo hapo, na wapagazi nao wakavua kofia pasipo kujua ni kwa nini.

Kukasirika unaruhusiwa, lakini baadaye. Nilitaka kungoja uje Krismasi. Bibiche akakataa. Alisema beji haitumwi kwa mkono wa mtu mwingine, na Kassim akakubali kumpakia kwenye pikipiki. Nimemuapisha Kassim asifungue kinywa mpaka umalize kusoma. Kwa hiyo inua macho, yaya. Yule aliyekukabidhi barua hii na kusimama kando kwa adabu, ndiye.

Umpokee vizuri, ale ashibe, njia ya huko ni mbaya. Mama, Mardochée na Mama Christelle wanakusalimu sana. Msalimie shemeji Hélène, ubusu watoto, na Mungu akulinde huko chini ya ardhi.

Mimi mdogo wako anayejivunia wewe,
Falone