Mpiga Mishale Niliyempa Jina Lako

Dada Catheline,

Hapa Kyela mjini mvua haijapumzika, na ofisini tunaendelea. Najua kwa nini hupokei simu zangu.

Ulipopiga Alhamisi sikuwa kikaoni kama nilivyokuandikia. Nilikuwa mezani kwangu, nacheza ule mchezo wa vita wa zamani kwenye simu. Ni mgumu: askari akifa harudi, wala huwezi kuusimamisha katikati ya vita. Kila nikishindwa nautamani zaidi. Mpiga mishale wangu nilimpa jina lako. Maadui walikuwa wamemzingira, nikakata simu yako ili nimwokoe. Sikujua mama ameanguka shambani, na wewe unatafuta wa kukusaidia kumbeba.

Leo Asifiwe jirani yenu ameniletea mchele kutoka kwa mama. Akasema, "Mama yako anatamba pale zahanati! 'Mwanangu hatoki kikaoni hovyo, bosi anamtegemea.'" Nikacheka naye. Mchele sijaugusa.

Ikolo si mbali, dada, ila uso wa kuja nao sina. Hata hivyo Jumamosi nakuja kumwambia mama mwenyewe. Ninachoogopa ni kwamba atanisamehe kabla sijamaliza kusema.

Mdogo wako,
Anord